Kampuni imeondoka na picha zangu na malipo sijayaona: nibaki na kamera yangu au nikaajiriwe?

BARUA

Mshauri wetu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ninaishi Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi yangu ni kupiga picha za video kwa kujitegemea. Sina mwajiri. Hupigiwa simu na kampuni za Nairobi, na mara nyingine na wageni kutoka ng'ambo wanaokuja kutengeneza vipindi kuhusu mji wetu, majahazi ya Matondoni, Maulidi au bandari mpya, na baina ya kazi hizo hupiga picha za harusi. Vifaa ni vyangu mwenyewe. Vilinigharimu shilingi 420,000, sehemu yake ikiwa ni mkopo wa chama ambao nimeshaumaliza. Kwa mwaka hupata kama siku 70 zenye malipo, na nikichanganya harusi na vipindi, wastani wake ni shilingi 9,000 kwa siku. Boti, bando za intaneti na matengenezo hunila karibu shilingi 10,000 kila mwezi.

Mwishoni mwa msimu wa kaskazi, kampuni moja ilinichukua kwa siku 6. Tulikubaliana kwa ujumbe wa WhatsApp shilingi 14,000 kwa siku, kamera ikiwa ndani ya bei hiyo. Tulikwenda Pate na Siyu, na siku mbili kati ya hizo tulitoka alfajiri tukarudi usiku sana kwa sababu maji yalitupwia kwenye mkondo wa bahari wa Mkanda. Siku ya mwisho mtayarishaji alikuwa akikimbilia ndege ya Manda, hakuwa na pesa za boti, nikamlipa nahodha mimi shilingi 9,000 kwa M-Pesa. Kadi zote za kumbukumbu akaondoka nazo. Huu ni mwezi wa tano tangu tumalize kazi na sijalipwa hata shilingi. Nikiuliza huambiwa kwamba mteja wao bado hajawalipa, nisubiri. Kipindi chenyewe kimeshatoka, nimekiona, na picha zangu zimo. Nimefikiria kuitaja kampuni hiyo mitandaoni ili wenzangu waijue.

Jambo la pili ni la harusi. Dada yangu hupiga picha upande wa wanawake, nami hubaki na nikaha na kirumbizi, ile ngoma ya fimbo ya wanaume. Mwezi ujao tuna harusi Mkomani, na mama wa bibi harusi ameniuliza ni nani atakayehariri picha za siku ya kupamba. Kwetu anayejua kuhariri ni mimi peke yangu. Nimemwambia nitamjibu, na sijui nitamjibu nini.

Baada ya harusi hiyo, ami yangu anamwoza binti yake na ameshawatangazia watu kwamba video ni juu yangu, yaani bure, siku zote tatu. Ami ndiye aliyenisomesha.

Mwisho, baba mkwe amenitafutia nafasi katika ofisi moja ya habari hapa hapa Lamu, mkataba wa miaka miwili, mshahara wa shilingi 38,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa sharti kwamba nisifanye kazi za nje. Anasema mwanamume mwenye mke na watoto wawili hawezi kuishi kwa kusubiri simu. Ninatakiwa kujibu kabla ya mwezi huu kwisha. Kamera naipenda, lakini maneno yake yamenikaa. Nifanyeje?

Mpiga picha wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Malindi ilikuwa kuwakodi na kuwalipa watu wa kamera katika vipindi vilivyopigwa huku kwetu na Watamu, na hayo uliyoyaandika nimeyaona yakiwavunja vijana waliokuwa na mikono mizuri sana. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, nikianza na deni, kwa kuwa ndilo lililoyafanya mambo mengine yote yakuelemee.

Hiyo kauli ya kwamba mteja hajalipa haikuhusu. Hukupatana na mteja wao, wala humjui. Uliyepatana naye ni kampuni iliyokuita, na kampuni hiyo ndiyo iliyopokea kazi yako, ikaondoka na kadi na kuitumia. Lau ungekuwa umekubali tangu mwanzo kwamba utalipwa siku wao watakapolipwa, ningekuwa na maneno mengine, lakini katika makubaliano uliyonieleza sharti hilo halimo, na haliwezi kuingizwa sasa baada ya kazi kwisha. Usihofu pia kwamba kwa kukosa karatasi yenye muhuri umekosa haki. Sheria ya Kenya inatambua makubaliano ya kazi ya namna hii hata kama yalifanywa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, na una miaka 6 ya kudai deni linalotokana na mkataba. Ugumu uko katika kuthibitisha, na wewe ushahidi unao: ujumbe wa WhatsApp, risiti ya M-Pesa ya nahodha, na kipindi chenyewe ambacho kila mtu anaweza kukitazama.

Andika barua ya madai wiki hii. Isiwe ndefu wala ya hasira. Taja tarehe za siku zote 6 na mahali mlipopiga picha, bei mliyokubaliana, jumla yake ambayo ni shilingi 84,000, nauli ya boti 9,000, na jumla kuu ya shilingi 93,000, kisha uwape siku 14 za kulipa. Ambatisha nakala za ujumbe na risiti. Itume kwa barua pepe na pia kwa anwani ya ofisi yao, na uweke ushahidi wa kuituma. Nimeona mara nyingi kwamba barua ya namna hii huwafanya watu walipe, si kwa sababu wanaogopa karatasi, bali kwa sababu mtu wa hesabu katika kampuni anahitaji karatasi ili atoe pesa, na simu zako zote zilikuwa zikiishia kwa mtayarishaji ambaye hana ufunguo wa kasha.

Siku 14 zikipita kimya, peleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo yale ya huduma zilizotolewa na hazikulipwa, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza mwenyewe. Nenda masjala ya mahakama ya Lamu uulize faili lako lifunguliwe wapi na ada ni kiasi gani. Hadi siku hiyo usifute ujumbe wowote na usibadilishe simu kabla ya kuhifadhi nakala, na ukichapisha mazungumzo, yaonyeshe namba na tarehe. Ushahidi unaotoka katika simu hutakiwa uambatane na cheti cha mwenye simu kinachoeleza jinsi nakala zilivyotolewa. Ni ukurasa mmoja tu, na makarani wa masjala wanaujua.

Kuitaja kampuni mitandaoni, nakusihi usifanye. Leo wewe ndiye mdai na mkono wako ni safi. Ukiandika neno moja usiloweza kulithibitisha, utakuwa mdaiwa katika kesi ya kashfa, na dai la shilingi 93,000 litasahaulika. Wenzako wa kazi wakikuuliza kuhusu kampuni hiyo, waeleze kwa kinywa yaliyokupata, bila kuongeza.

Sasa nije kwenye lililo kubwa zaidi ya deni lenyewe. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo jambo lilisemwa mpaka mwisho kabla ya kamera kutoka mkobani. Saa za kazi hazikusemwa, tarehe ya kulipa haikusemwa, nauli haikusemwa, na kwa ami yako hata bei haikusemwa. Najua kwetu pwani mtu akitaka kuandikiana, mwenzake huuliza kama haaminiki. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ni aya ya kuandikiana deni, na inatuhimiza tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Anayekuambia kwamba kuandika ni kukosa imani, mkumbushe aya hiyo kwa upole. Na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Maandishi yenyewe hayahitaji kuwa ya kisheria sana. Ukurasa mmoja unatosha, uliotumwa kwa barua pepe na kujibiwa kwa neno "nimekubali". Andika kwanza siku ya kazi ina saa ngapi. Katika vipindi nilivyovisimamia tulihesabu saa 10, pamoja na mapumziko ya kula, na kila saa iliyozidi ililipwa kwa bei iliyotajwa mapema. Hapo Lamu jambo hili ni zito kuliko hapa Malindi, kwa sababu saa zenu hupangwa na bahari. Mkanda haupitiki maji yakipwa, na boti ikikosa maji yaliyojaa huenda ikasubiri karibu saa 12 mpaka yarudi. Mtayarishaji wa Nairobi hajui hayo, anatazama ramani na kuona safari fupi. Kwa hiyo ni juu yako kumweleza kabla ya safari, kumwekea ratiba inayofuata maji, na kuandika kwamba saa za kusubiri maji au upepo ni saa za kazi kama nyingine. Hali kadhalika siku ambayo mmekaa tu Shela mkisubiri mawingu yaondoke ni siku ya kazi, kwani hukuweza kuiuza kwa mtu mwingine. Andika pia kwamba mtu aliyefanya kazi hadi usiku wa manane haanzi tena alfajiri. Mpiga picha aliyechoka huacha kamera wazi bila kurekodi, na kwenye boti anaweza kuanguka yeye na kamera yake.

Halafu tenganisha ujira wako na ukodishaji wa vifaa. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wapiga picha wengi wa pwani, wanaposema "kamera ikiwa ndani" kana kwamba kamera haili wala haizeeki. Vifaa vyako vya shilingi 420,000, katika hewa ya chumvi na unyevu unaoleta kuvu ndani ya lenzi, ukivihesabia miaka 4 umevipa umri mzuri. Hiyo ni shilingi 105,000 kwa mwaka, na ukigawa kwa siku zako 70, kila siku ya kazi kamera inatafuna shilingi 1,500 kabla hujanunua hata betri. Kampuni ingekodi kamera ya namna hiyo Nairobi ingelipa zaidi, na ingelipia pia mzigo katika ndege ndogo, ambazo zina mipaka mikali ya uzito. Andika ujira mstari wake na vifaa mstari wake, na uongeze mstari wa tatu unaosema kifaa kikiharibika kwa sababu ya maagizo yao, kwa mfano kuambiwa upige picha ukiwa umesimama ndani ya maji, ni wao watakaolipa.

Arubuni ni lazima. Nusu ya malipo ifike kabla ya siku ya kwanza, nauli zote zilipwe na wao moja kwa moja kwa nahodha, na nusu iliyobaki ilipwe ndani ya siku utakazozitaja, siku 14 au 30. Kampuni ya kweli haishangazwi na sharti hili. Ile inayolikataa kwa maneno matamu imekueleza mapema jinsi itakavyolipa hiyo nusu ya pili.

Kuhusu picha zenyewe, ni vyema ujue sheria inasemaje, kwa sababu wapiga picha wengi huamini kwamba aliyebonyeza kitufe ndiye mwenye haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukitaka kubakiza haki yoyote, hata ya kuonyesha dakika mbili za kazi yako kwa wateja wengine, sharti uiandike. Unaweza pia kuandika kwamba haki hizo zitahamia siku malipo yote yatakapokamilika. Mstari huo mmoja, lau ungekuwepo, ungekuweka mahali pazuri sana leo, kwa kuwa kipindi kimeshatoka na wewe hujalipwa.

Mengine nitayataja kwa haraka. Omba kuona nakala ya leseni ya kupigia filamu na ruhusa ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuinua kamera ndani ya Ngome ya Lamu, kwa kuwa mgeni atapanda ndege na atakayeulizwa ni wewe mwenyeji. Jiandikishe katika eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, maana tangu mwaka 2024 kampuni nyingi hazilipi ankara isiyotoka humo, na kampuni ikikukata asilimia 5 ya ada kwa ajili ya kodi, idai cheti chake cha KRA ili usitozwe mara ya pili.

Nimefika kwenye swali la yule mama wa Mkomani, na kwangu mimi ndilo swali lenye heshima kubwa kuliko yote katika barua yako. Mama huyo hajakutukana. Amefikiri mbele kuliko wapiga picha wengi, kwani wanawake wanaoingia ukumbini siku ya kupamba huvua buibui kwa kuamini kwamba ndani hakuna jicho la mwanamume, na kamera iliyoshikwa na dada yako haina maana ikiwa saa chache baadaye wewe umeketi mbele ya kompyuta ukiwatazama mmoja mmoja. Jibu lake ni moja: picha hizo hutazihariri wewe, wala hutaziona. Ikiwa huwezi kumhakikishia hilo, iache kazi ya upande wa wanawake kwa harusi hii, umwambie wazi, na uchukue nikaha peke yake.

Lakini naamini unaweza. Dada yako anajua kupiga picha, na mtu anayejua kupiga picha ameshafika nusu ya njia ya kuhariri. Mfundishe kuanzia kesho kwa kutumia picha za kirumbizi na nikaha ulizonazo: kukata, kuunganisha, kusawazisha sauti, kutoa video iliyokamilika. Usimfundishe mapambo. Harusi ya mwezi ujao iwe na video ndefu, iliyotulia, isiyo na maandishi yanayoruka, na familia itaipenda hivyo hivyo. Awe na diski zake mbili zenye nywila ambayo wewe huijui, kwa sababu kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa, na kesha la saa 4 lililopigwa kwa kamera mbili ni gigabaiti 360 ambazo hazina nafasi katika kompyuta ya kawaida. Bei ya diski hizo iingie katika bei ya harusi. Kompyuta anayoitumia isipelekwe kwa fundi ikiwa na picha hizo. Kipande hata cha sekunde kumi kisitumwe kwa WhatsApp kwenda kwa mtu yeyote, hata bibi harusi mwenyewe akikiomba, kwa kuwa kikishatoka hakuna anayejua kitakapoishia. Akabidhi kazi mkononi mwa bibi harusi au mama yake, apewe maandishi kwamba wamepokea, kisha baada ya muda mliokubaliana azifute nakala zake mbele yao.

Yote hayo yaandikwe na mama apewe nakala. Zaidi ya heshima ya mji wenu, kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inaihesabu sura ya mtu kuwa ni data yake na inataka idhini kabla ya kuitumia, na mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Dada yako akizishika kanuni hizi, na familia za Lamu zikajua kwamba anazishika, hatakosa kazi, na itakuwa ni kazi yake yeye. Mlipe sehemu yake kama mwenye fani, usimpe ya soda. Kama umekuwa ukimlipa vizuri, nakushukuru kwa niaba yake.

Kwa ami yako siwezi kukuambia umtumie ankara. Mtu aliyekusomesha ana haki ambayo daftari halina safu yake. Hata hivyo, kutoa zawadi ni tofauti na kukuta zawadi yako imeshatangazwa. Nenda kwake peke yako, jioni, kabla mambo ya harusi hayajampanda kichwani, umwambie kwamba katika michango ya harusi hii wako wewe ni kazi yako ya siku ya nikaha na uhariri wake, na kwamba unautoa kwa moyo wako wote. Kisha umweleze kwamba upande wa wanawake una watu wanaotegemea ujira, yaani dada yako na msaidizi wake, na diski ambazo lazima zinunuliwe, na hizo ni gharama za harusi kama vile za mpishi na turubai. Mtajie kiasi. Mzee wa Lamu akiambiwa kwa adabu na mapema huelewa, na linalomuudhi ni kuambiwa siku mbili kabla.

Sasa nafasi ya ajira. Tuchukue hesabu ulizonipa. Siku 70 kwa shilingi 9,000 ni 630,000. Toa uchakavu wa vifaa 105,000, zinabaki 525,000. Toa boti, bando na matengenezo 120,000 kwa mwaka, zinabaki 405,000, ambazo ni shilingi 33,750 kwa mwezi. Kwa hiyo mshahara wa 38,000 unaishinda kamera yako kwa kiasi kidogo, na mshahara huo nao utakatwa bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF na kodi, ingawa wewe pia, kwa kujitegemea, kodi na SHA zinakungoja. Lakini itazame tena hesabu hiyo ukiondoa zile 93,000 ambazo hujalipwa. Mwaka wako unashuka hadi 312,000, yaani 26,000 kwa mwezi. Baba mkwe wako anauona mwezi huo wa 26,000 ndani ya nyumba ya binti yake, na maneno yake ni ya mzazi mwenye hofu ya haki. Na ukitazama upande wa pili, ukiongeza ukodishaji wa vifaa wa shilingi 2,500 katika siku 30 tu za vipindi, unapata 75,000 zaidi, na mwezi wako unakuwa 40,000.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama unajijua kwamba utaweza kumwambia mtayarishaji kwa simu, kwa adabu na bila kutetemeka, kwamba boti haiondoki Lamu kabla arubuni haijafika, basi baki na kamera yako. Sharti la kutofanya kazi za nje lingekutenga kwa miaka miwili mizima na kampuni ambazo zimeshalijua jina lako, na vifaa ulivyovilipia vingekaa kabatini vikiliwa na chumvi. Kama unajijua kwamba hutaweza, na wako watu wema sana ambao hawawezi kudai, basi chukua ajira bila aibu yoyote, kwani watoto wako wana haki ya kula kila mwezi, na kazi ya kamera katika ofisi ni kazi ya kamera.

Ukiamua kubaki, panga mwaka kwa jinsi ulivyo. Kuanzia kusi linapoingia, hoteli nyingi hufungwa na wageni hupungua. Ramadhani haina harusi, na Maulidi, kwa kuwa yanafuata mwezi mwandamo, hutangulia kwa karibu siku 11 kila mwaka, hivyo miaka mingine huangukia wakati wageni wapo na miaka mingine hawapo. Kila malipo yanapoingia, tenga sehemu ya miezi hiyo kabla hujagusa chochote, na mkeo ajue iko wapi na ni kiasi gani. Siku za ukame zitumie kusafisha lenzi, kumfundisha dada yako, na kuziandikia kampuni za Nairobi na Mombasa ukiwaeleza ratiba ya maji na upepo ya msimu unaokuja, maana ujuzi huo hawana na ndio unaowafanya wakuhitaji wewe badala ya kuja na mtu wao.

Kisha nenda kwa baba mkwe ukiwa na daftari. Mshukuru kwa kuhangaika, mwonyeshe hesabu zote tatu, ya mwaka uliolipwa, ya mwaka usiolipwa na ya mwaka wenye masharti mapya, na umwonyeshe barua ya madai uliyotuma. Hawezi kuujua mpango usiomweleza. Ofisi hiyo nayo ijibiwe kwa maandishi, kwa heshima, kabla mwezi haujaisha, lolote utakaloamua, na barua ya madai itangulie.